Karafuu za Heshima

Sisi ni watu sita tuliosoma sekondari moja, na kwa muda sasa tuna mchezo wetu wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia na kabla haujatoka. Tunakutana kwa mmoja wetu, tunaangalia filamu iliyotokana na kitabu, halafu tunagombana. Sharti ni moja tu: mwenyeji apike chakula cha huko hadithi inakotoka.

Mwanzoni sharti hili halikumsumbua mtu. Tulipoangalia Queen of Katwe, ile ya mwaka 2016 ya binti wa Kampala na sataranji, mwenyeji alitukaangia rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai kama wanavyokula Waganda barabarani, na hakuna aliyelalamika, si juu ya chapati wala juu ya Lupita Nyong'o. Kwenye The Hobbit ndiko tulikoanza kukorofishana. Kitabu chenyewe chembamba, unakimaliza kwa siku mbili za mvua, lakini wenyewe wamekitolea filamu tatu, kuanzia 2012 hadi 2014, kila moja zaidi ya saa mbili. Ule ni mchuzi wa kuku mmoja unaoongezwa maji kila mgeni anapobisha hodi. Mwenyeji wa siku ile hakujua hobiti wanakula nini, akasonga ugali na kuunga dagaa. Alipobanwa ajieleze, alijibu kwamba watu wafupi, samaki wafupi.

Zamu yangu ilipofika nikataka sifa. Nikachagua Vuta N'kuvute.

Kwa wasioijua, ni riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, na inatupeleka Unguja ya wakati wa mkoloni. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa mzee mwenye duka, anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, na mwisho anajikuta Ng'ambo katika maisha mengine kabisa pamoja na Denge, kijana anayesakwa na serikali kwa siasa zake. Amil Shivji akaitengenezea filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na baadaye Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar. Zaidi ya hayo, kitabu hicho tulikifanyia mtihani kidato cha sita. Watano kati yetu tulikuwa HKL, mchepuo wa lugha. Wa sita, ambaye sasa ni mfamasia, alikuwa PCB, mchepuo wa sayansi, na siku zote tulimhesabu kuwa mtu aliyekuja kwa ajili ya chakula.

Hapa nikiri jambo moja, kwa kuwa yule tunayemwita Mwalimu hana kawaida ya kusoma magazeti. Kitabu sikukisoma. Nilisoma uchambuzi, kile kijitabu cha karatasi za fotokopi kilichouzwa dukani karibu na geti la shule, chenye dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi vimepangwa tayari kwa kumezwa. Nilimeza, nikaenda kutapika kwenye chumba cha mtihani, nikapata C. Mwalimu alipata B, akaenda kusomea ualimu, na leo anafundisha Kiswahili. Ndiyo maana filamu yoyote ile yeye huitazama na kalamu nyekundu kichwani.

Chakula cha Unguja ni kingi, lakini mimi nilichofikiri nakiweza ni pilau. Nikampigia mama. Mama ni mtu wa Tanga, na pilau yake imewahi kumaliza ugomvi wa mirathi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeshindwa nini tena?"

"Nataka kupika pilau. Naanzaje?"

"Si unakaanga vitunguu mpaka vibadilike rangi."

"Viwe rangi gani?"

"Rangi ya pilau."

Nikaandika: rangi ya pilau.

"Nyama uwe umeshaichemsha na tangawizi, supu usimwage. Unatia thomu, unatia bizari nzima, mdalasini, iliki, pilipili manga, karafuu. Viazi. Unamimina supu, ikichemka unatia mchele, maji yakikauka unapalia."

"Karafuu ngapi?"

"Kidogo."

"Kidogo ngapi, mama?"

Kimya. Halafu akauliza kwa ile sauti ya kuulizia hali ya mgonjwa: "Baba, huyo binti uliyesema utamleta nyumbani mwaka huu, aliishia wapi?"

Nikashukuru, nikakata simu.

Jumamosi yenyewe nilikuwa na kilo mbili za mchele wa Kyela, kilo moja na nusu ya nyama, na sufuria kubwa ya jirani yangu, mama mmoja mkarimu ambaye sufuria hiyo alipewa kwenye harusi yake. Aliponikabidhi alinionyesha mfuniko na kusema, "Mwanangu, huu na sufuria ni mtu na mkewe." Naomba msomaji aukumbuke mfuniko huo.

Vitunguu vilikwenda vizuri, vikafika rangi ambayo kama si ya pilau basi ni ya jirani wa pilau. Nikafika kwenye karafuu. Nilikuwa nimenunua pakiti nzima sokoni, nikasimama nayo mkononi nikitafakari. Filamu ni ya Unguja. Unguja na karafuu havitenganishwi, hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Kuipikia hadithi kama hiyo kwa karafuu tano sita ni utovu wa adabu. Nikamimina kiganja. Halafu nikakumbuka kwamba miongoni mwa wageni wangu yumo Mpemba, na karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka kwao. Nikaongeza kiganja cha pili, kwa heshima ya Pemba.

Mtungi wa gesi una tabia moja: haujawahi kuisha ukiwa unachemsha maji ya kuoga. Wangu ulisubiri mchele uingie, supu ianze kutokota, ndipo moto ukapungua, ukawa kama wa kibiriti, ukaaga. Nikarudi kwa jirani, safari hii kuomba jiko la mkaa. Akanipa na mkaa wenyewe, uliokuwa umenyeshewa. Nikalitoa jiko uani, nikapuliza, nikapepea kwa mfuniko wa ndoo, nikalia machozi ambayo sikulia hata siku ya matokeo. Wapangaji wenzangu wakatoka mmoja mmoja kuangalia. "Kaka," mmoja akauliza, "unapika au unafukiza?" Mtoto wake akaniambia nipalie makaa juu ya mfuniko, na ana miaka minane. Nilipalia.

Wageni walifika saa moja jioni. Nikawakalisha kwenye mkeka, nikaunganisha kompyuta na runinga, na filamu ikaanza. Ni nzuri, niseme hivyo mapema. Ina vichochoro, ina vivuli, ina ukimya wa watu wanaopendana huku wanaviziwa. Lakini kwetu ukimya haupo. Mpemba alikuwa kila ukionyeshwa ukuta anasema ule ukuta anaujua, aliwahi kuuegemea. Mwalimu alianza kukosoa kabla Yasmin hajafungua mdomo. "Wamekata," akasema. "Kitabu cha kurasa zaidi ya mia mbili wamekitia kwenye saa moja na nusu. Wameipunguza hadithi." Kila baada ya dakika tano alitangaza kilichopunguzwa kama mtu anayehakiki mizigo bandarini. Mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa, kwa uangalifu, nisije nikaitikia mahali pasipo.

Tukasimamisha filamu tule. Nikaleta sinia, kachumbari na ndizi. Pilau ilikuwa na sura, hilo hakuna anayeweza kuninyima. Wakanawa, wakala tonge la kwanza, wakanyamaza. Tonge la pili, bado kimya. Nikajua nimeshinda. Katika mila zetu hakuna sifa kubwa kuliko watu kunyamazia chakula.

Aliyevunja ukimya ni Mwalimu. Alikuwa anataka kurudi kwenye hoja yake. "Kimsingi," akaanza, "ghamila kuu ya mwanghishi..." Akanyamaza. Akajishika mdomo. Akajaribu tena, ikatoka ghamila ileile.

"Mimi ulimi siusikii," akasema mwingine.

"Mimi hata fizi."

Mpemba alikuwa anafukua wali kwa kidole na kuzipanga karafuu ukingoni mwa sinia, moja moja, kama anayehesabu shanga za tasbihi. Alipofika arobaini na kitu akaniangalia kwa huruma. "Kaka, sisi kule kwetu karafuu tunazianika kwenye majamvi, zikikauka tunaziuza. Hatuli."

Mfamasia ndiye aliyetupa maelezo. Karafuu ina mafuta, akasema, na mafuta hayo yanatia ganzi, ndiyo maana watu wa meno huyatumia kutuliza jino linalouma. "Kwa kiasi hiki," akaongeza, akilitazama sinia kitaalamu, "ungeweza kung'oa magego ya watu wote humu ndani, na wasijue mpaka kesho."

Wakaendelea kula hivyohivyo, kwa sababu nyama ilikuwa laini na njaa haina ulimi. Nikarudisha filamu. Hata nusu saa haikupita, umeme ukakatika. Mtaa mzima ukatoa ile sauti yake moja, kama watu waliofunga goli likakataliwa. Kompyuta yangu betri ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa waya kama mgonjwa wa mashine. Tukabaki na tochi ya simu iliyosimamishwa ndani ya glasi, na hadithi iliyokatika katikati.

"Basi Mwalimu atumalizie," nikasema. Nilitaka kumpa heshima yake.

Mwalimu akajiweka sawa. "Mwanghishi," akasema, "amefaulu kwa kiasi kikubwa kuonesha nafasi ya mwanamke katika jamii."

"Sawa. Lakini Yasmin inakuwaje?"

"Yasmin ametumiwa kama kiwakilishi cha wanawake waliogandamizwa na mila potofu na..."

"Mwalimu, anakwenda wapi? Anaishi na nani?"

"...na anawakilisha harakati za ukombozi wa kiuchumi, kisiasa na kiutamaduni."

Maneno hayo nilikuwa nayajua. Nilikuwa naujua hata ukurasa, upande wa kushoto, juu, penye doa langu la chai. Nikainua macho, nikakutana na macho ya Mpemba, naye akayatoa kwangu akayapeleka darini. Nikamtazama wa nne, akaanza kutafuta kitu mfukoni. Ule mwanga mdogo wa simu ulitosha kuonyesha watu watano wazima, mmoja wao mwalimu wa somo, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kukisoma kitabu walichokuwa wanakitetea kwa saa mbili. Wote tulinunua duka moja, pale getini.

"Mimi nilikisoma," akasema Mfamasia. Aliazima kwa dada yake, akawa anakificha ndani ya kitabu cha kemia, na alipokimaliza akakirudia, kwa kuwa hakuna mtu aliyemwambia ataulizwa.

Akatusimulia. Alianza nyuma, Mombasa, dukani kwa Bwana Raza. Akamleta Bukheti, akamleta Mwajuma wa Ng'ambo kwa vicheko vyake, akambadilishia kila mtu sauti, na mkubwa wa polisi akampa sauti ya mkuu wetu wa shule. Hakutaja dhamira hata moja. Wenye ndimi zilizolala hatukuweza kumkatiza, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza Mwalimu kusikiliza hadithi hadi mwisho. Mikono ilirudi kwenye sinia yenyewe, karafuu zikawekwa pembeni, na walipofika kwenye ukoko wakaugombea. Mwisho wa hadithi siusemi hapa. Kitabu kipo madukani.

Umeme ulirudi kama saa tano usiku, runinga ikawaka na kutuonyesha dirisha la kuuliza nywila. "Zima hiyo," akasema Mwalimu, na ulimi wake ulikuwa umeshapona.

Filamu niliimalizia peke yangu kesho yake. Sioni kama imeiba kitu kitabuni. Mtengenezaji alikuwa na saa moja na nusu, akachagua alichokipenda na kukiacha kipumue, na mimi nilikuwa na pakiti moja ya karafuu nikaitia yote. Mama nilipomsimulia alicheka mpaka akakata simu, kisha akapiga tena kunielekeza upya: karafuu kidogo. Kitabu nimekinunua, kile chenyewe, na nipo zaidi ya nusu.

Kimebaki kitu kimoja. Wakati wa kuaga kila mgeni alifungashiwa, kwa maana kilo mbili ni nyingi, na makopo yangu ya plastiki yalikuwa matatu tu. Mmoja wenu alitengewa nyama na viazi vya shemeji juu ya mfuniko wa sufuria, ukafunikwa na gazeti, akaondoka nao kwa bodaboda. Jirani ananiulizia mfuniko huo kila asubuhi, akiwa ameshika sufuria. Aliyeuchukua aurudishe. Hata usiku, auache mlangoni tu, sitamuuliza kitu.