Nirudishieni Masega Yangu

Mwenye gari Dar es Salaam utamjua kwa jambo moja: akisikia mlio asioujua, anazima redio. Anapunguza mwendo, anainamisha shingo upande wa tairi la mbele, kisha anamuuliza aliyekaa pembeni, "Umesikia?" Aliyekaa pembeni hajasikia kitu. Aliyekaa pembeni hajawahi kununua shokapu.

Mlio lakini una ustaarabu wake. Unakuja, unaondoka, na mara nyingine ni kokoto tu imenasa kwenye tairi. Kinachonimaliza mimi ni taa. Ile ya njano yenye umbo la injini, ambayo mafundi wanaiita chekinjini. Kwangu imewaka na haina mpango wa kuzima. Nimeshaifanyia kila kitu isipokuwa kuibandika utepe mweusi, kwa sababu utepe mweusi ni dawa ya wauzaji, siyo ya wamiliki.

Gari lenyewe ni IST. Sijui kwa nini nalitaja kana kwamba ni habari. Simama makutano ya Morocco dakika chache tu, utaona IST nyingi kuliko bodaboda zenye taa ya nyuma. Langu ni lile umbo jipya, la 2009. Ndiyo, mjini hapa gari la 2009 bado linaitwa jipya. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna stika ndogo ya Kijapani ya kubadilishia oili, imeandikwa kilomita na tarehe, na mwaka wameuhesabu kwa enzi ya mfalme wao: Heisei 29, yaani 2017. Kuna mtu kule, simjui wala hanijui, alikuwa anamwaga oili kwa tarehe. Mafundi wangu wanaipenda sana stika ile. Kila anayefungua mlango anaigusa kwa kidole na kusema, "Bosi, hii gari ilitunzwa." Halafu habandiki ya kwake.

Nisimsifu sana Mjapani lakini. Kwao gari dogo la abiria hukaguliwa rasmi likitimiza miaka 3 tangu liwe jipya, kisha kila baada ya miaka 2. Breki, taa, moshi, vyote vinapimwa, na kinachokutwa kibovu kinatengenezwa kwanza. Gari likizeeka, bili ya kulipitisha inakuwa kubwa kuliko mapenzi ya mwenyewe, naye anaona bora aliuze. Kwa hiyo hili ninaloendesha ni gari ambalo mwenzangu alizikimbia gharama zake. Gharama nazo zikapanda meli.

Taa ilipowaka nilikwenda kwa fundi wa chini ya mwarobaini, jirani yangu, kijana mzuri tu, ananiita bosi hata siku ambazo nguo zangu zinapinga. Akafungua boneti, akaniambia nipige resi, akafumba macho kusikiliza. Ukiona fundi amefumba macho, shika pochi.

"Plagi hizi, bosi."

Zikatoka plagi nne, zikaingia plagi nne. Akachomoa waya wa betri, akavuta sigara yake taratibu, akaurudisha. Taa ikazima, tukapeana mikono, nikalipa. Kesho yake ikawaka nikiwa Ubungo kwenye foleni, mahali ambapo huna hata pa kuegesha ukaitukane vizuri. Sasa nimeshajua siri ya ule waya. Ukichomoa betri, unaifuta kumbukumbu ya kompyuta ya gari. Ikiamka haikumbuki ugonjwa, inaanza kupima upya, na inahitaji mwendo kidogo kabla ya kuukuta tena. Huo mwendo kidogo ndio waranti ya fundi.

Nikapelekwa kwa fundi umeme. Huyu ana kimashine kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu yake, na kwa kuchomeka tu anachaji elfu ishirini. Kikatoa namba: P0420. Akanionyesha kioo cha simu kwa fahari, kama daktari anayekuonyesha mtoto yuko mzima tumboni. "Sensa ya ekzosi, bosi. Imekufa."

Namba ile haikusema sensa imekufa. P0420 maana yake kompyuta imetazama moshi unaoingia kwenye masega ya bomba la ekzosi na moshi unaotoka, ikaona masega hayasafishi inavyotakiwa. Inaweza kuwa masega yenyewe yamechoka, inaweza kuwa bomba linavuja, inaweza kuwa hiyo sensa. Mashine inasema pa kutafuta, lakini kutafuta ni kazi, na kazi inachafua nguo. Kubadilisha kitu ni rahisi zaidi, hasa kikinunuliwa kwa pesa ya mwingine.

Basi nikaenda Gerezani. Asiyewahi kununua spea Gerezani hajui kupendwa. Hujafunga mlango wa gari umeshazungukwa, kila mmoja anajua unachotaka kabla hujasema. Sensa ya IST ipo, kaka. Unataka ipi? Kuna mpya ya boksi, kuna mpya ya boksi ambayo ni boksi tu ndilo la Japani, kuna ya Dubai, kuna yustu iliyong'olewa kwenye gari lililokatwa kichwa likaja kwenye kontena, na kuna ambayo muuzaji anakwambia kwa sauti ya chini, "Hii usimwambie mtu bei yake." Ilianza laki mbili. Sikusema neno, nilikuwa nameza mate tu, ikashuka laki na nusu. Nikakohoa, ikafika laki. Nikageuka kuangalia gari langu kama bado lina vioo, ikawa elfu sabini. (Vioo vyangu vimechongwa namba ya gari, na taa pia, kama vya wenzangu wengi mjini hapa. Gari langu limechorwa namba mwili mzima kama mali ya shule.)

Sensa ikafungwa. Taa ikazima kwa muda wa kistaarabu, ikarudi.

Hapo ndipo gari lilipoanza kulala nje. Fundi umeme alisema anahitaji kulitesti kwenye mwendo mrefu, maana ugonjwa huu hauonekani kwenye foleni. Nikamwachia Ijumaa. Jumapili rafiki yangu akanipigia kuniuliza nimefuata nini Kibaha kwenye harusi na mbona simsalimii. Mshale wa mafuta niliuacha nusu, niliukuta umelala. Wakumbukeni wabunge wetu: bajeti ya 2017/18 ilifuta ile ada ya mwaka ya leseni ya gari, ikaweka badala yake shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Zamani gari likitembea bila mimi, nilipoteza mafuta peke yake. Siku hizi fundi akienda harusini, kodi ya safari nalipa mimi.

Akaja wa tatu, fundi ekzosi, na huyu alianza na sala ambayo kila fundi anaisali kabla ya kushika spana: "Nani alikufungia hivi?" Aliinama, akasikitika, akatikisa kichwa juu ya kazi ya waliomtangulia. Akasema bomba linavuja, atachomelea kidogo. Akaniambia niende nikanywe chai. Nilikunywa chai. Niliporudi gari lilikuwa linaunguruma kwa besi, kama mzee aliyetoka usingizini, na fundi akawa mkarimu kupita kiasi: kazi yote alinichaji elfu kumi. Fundi akikupunguzia bila kuombwa, kuna mahali amekwishalipwa.

Mama watoto alipoona natoka kila Jumamosi na kurudi na mikono ya grisi na uso wa msiba, aliniuliza swali moja. "Gari linatembea?" Nikasema linatembea. "Basi." Yeye hukaa pembeni.

Nilichoka, nikajikusanya, nikalipeleka kwa wakala. Nasema wale wenyewe, wauza magari mapya, wenye vigae vinavyoteleza, kiyoyozi, kahawa ya bure na televisheni isiyo na sauti. Pale hakuna fundi. Kuna mshauri wa huduma, amevaa tai. Aliniita mzee, akanikalisha, akaanza kuingiza gari langu kwenye kompyuta, na kompyuta ikalikataa. Inataka namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani halina kitu hicho. Langu linaanza na NCP110, kistari, tarakimu chache, basi. Kijana akajaribu kuongeza sifuri mbele. Akajaribu nyuma. Mwisho akanitazama kwa huruma ya mtu anayetaka kukuambia mtoto wako si wa ukoo ule: "Mzee, hili siyo letu. Hatukuliuza sisi."

Najua. Lina nembo ileile iliyoko mlangoni kwao, limetoka kiwanda cha kampuni ileile, lakini limeingia nchini kwa mlango wa uani. Hata hivyo wakalipokea, kwa bei. Kwa wakala unalipia saa. Kupima ni saa moja, hata kama imetumika nusu, na mwisho wa karatasi inakaa asilimia 18 ya VAT ikikusubiri kama mgeni aliyeambiwa chakula kipo. Fundi wa mwarobaini hana VAT. Ana mambo mengine.

Lakini nitasema haki. Kijana wao wa ovaroli alilinyanyua gari juu, akatembea chini yake na tochi, na baada ya muda mfupi akaniita. Hakufumba macho.

"Mzee, njoo uone. Masega yako yako wapi?"

Hayakuwepo. Pale panapotakiwa pawe na lile tumbo la chuma kwenye bomba la ekzosi palikuwa na kipande cha bomba tupu, kimechomelewa huku na huku kwa mkono wa haraka. Akanieleza kwamba ndani ya lile tumbo huwa kuna kauri yenye vitundu vidogo vidogo mithili ya sega la nyuki, na juu ya kauri kumepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ambayo watu wanayafuata migodini kwa mashimo marefu. Ndiyo yanayosafisha moshi. Ndiyo maana pia kuna watu mjini wananunua masega makuukuu kwa pesa ya maana. Taa ilikuwa inasema kweli: masega hayafanyi kazi. Mwanzoni pengine yalikuwa yamechoka tu. Sasa yamehama.

Nikafanya uchunguzi. Fundi wa mwarobaini: "Mimi nilishika plagi tu, bosi." Fundi umeme: "Mimi mambo ya chini siyajui." Fundi ekzosi akasema gari lilikuja hivyohivyo kutoka Japani. Kutoka Japani! Nchi ambayo moshi unapimwa kila miaka 2, gari lipite na bomba la maji! Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, akajifuta mikono, akasema neno ambalo mahakamani lingetosha: "Lakini bosi, si umeona lilivyo jepesi sasa?"

Na hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Kinachoingia kwenye gari langu ni cha kubahatisha. Kinachotoka kina mnunuzi wake tayari. Oili chafu wananunua wenye kujenga, wapake mbao za paa zisiliwe na mchwa. Betri iliyokufa ina risasi, inauzwa. Rejeta iliyotoboka inapimwa kwa kilo. Hata plagi nne zangu sikuziona tena, na nilipoziulizia fundi alishangaa, "Utazifanyia nini, bosi?" Wewe umezifanyia nini? Wakala, pamoja na vigae vyake, alinikabidhi filta kuukuu ya oili ndani ya boksi la mpya, imefungwa nailoni, imewekwa kwenye kapeti la mbele. Sikuwa na haja nayo. Lakini nilijiona mtu mwenye mali.

Kisha akanipa bei ya masega mapya orijino. Niliisoma mara ya pili nikidhani ameongeza na namba yake ya simu. Nikamshukuru, nikamaliza kahawa yao, nikaondoka na besi yangu.

Kwa hiyo nawaomba wenye magari wenzangu: fundi akikwambia nenda kanywe chai, chai iletwe hapohapo. Kaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, tazama kinachotoka, na usiondoke bila hicho, hata kama ni bushi iliyokatika. Na wewe fundi uliyekata masega ya IST ya rangi ya fedha, najua magazeti hapo gereji hayakosekani, hata kama ni ya kufutia mikono. Sitaki polisi wala sitaki viapo. Kama hujayauza, yarudishe. Kama umeshayauza, nusu ni yangu: tuma kwa simu, na uweke ya kutolea.