Hotuba ya Mtaalamu Mkuu kwenye Matanga ya Muuza Stempu wa Malukhu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa LC1, wazee wangu, kina mama mlio jikoni, na nyinyi vijana wa boda boda mlioingia chini ya tenti kwa sababu ya mvua: mulembe.

Kabla sijasema neno juu ya marehemu, itifaki inanilazimu niseme machache juu yangu. Mbele yenu amesimama Mtaalamu Mkuu wa Stempu, Sarafu na Vitu vya Kale, Kanda ya Mashariki. Cheo hiki sikujipa. Kimeandikwa kwenye kadi yangu ya biashara, na kadi hiyo ilichapwa na mtu mwingine kabisa. Wako wanaonung'unika kwamba kanda hii haina mtaalamu mwingine wa stempu, basi huo ukuu wangu ni juu ya nani? Swali zuri. Lingekuwa na jibu kama angekuwepo mtu wa kiwango cha kunijibu.

Mwenyekiti ameniambia nina dakika tano. Namshukuru kwa utani wake.

Sasa tuje kwa Mzee. Mzee alikuwa na duka hapa hapa Malukhu, Mbale, nyuma ya maghala, chumba ambacho mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Huku malori yanapakia, huku mashine zinanguruma, yeye amekaa katikati na kibano na kioo cha kukuzia, anauza stempu. Tena stempu zilizokwisha kutumika! Watu walikuja kwake wakidhani ni wakala wa posta. "Posta iko mjini," aliwaambia, bila kuinua macho. Ukimpa shikamoo alikujibu, "Usiegemee meza." Ukimuuliza habari za asubuhi alikuuliza una mikono misafi. Niliwahi kumshauri, kama msomi kwa mwenzake, kwamba biashara ni tabasamu. Alinikazia macho kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimemaliza.

Na bei zake! Mzee alikuwa na kitabu cha bei cha Stanley Gibbons, hii kampuni ya Waingereza ambayo Gibbons mwenyewe aliianzia Plymouth mwaka 1856, kitabu kilichochakaa mpaka kikafungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila asubuhi alisikiliza redio, akaandika pauni imesimamaje, akapiga hesabu kwa kalkuleta, na hiyo ndiyo ikawa bei. Hakuna cha "nipunguzie kidogo, Mzee." Hata mwaka wa Imbalu, tohara yetu, mji mzima unacheza ngoma na kila mfanyabiashara amelainika, yeye "bei ni hiyo."

Hapo ndipo nilipogundua kanuni ya uchumi ambayo Makerere hawajaiandika. Bei ya Mzee ilipanda kila nilipofungua mdomo. Ninaingia, stempu ni elfu ishirini. Namweleza historia yake, inakuwa thelathini. Namalizia kwa uchambuzi wangu binafsi, inagonga hamsini. Pembeni amesimama mtoto wa shule, kimya, anatazama tu. Huyo anauziwa stempu ile ile kwa elfu mbili. Nimelitafakari jambo hili sana, na hitimisho langu ni kwamba Mzee alikuwa akiniongezea thamani ya mhadhara.

Nani amepiga makofi? Ah, mbu.

Tuingie kwenye taaluma. Siku moja nilimkumbusha Mzee kwamba stempu za kwanza za Uganda zilichapwa London, kwa rangi nyingi, kwa amri ya Malkia Victoria mwenyewe. Nilikuwa nikimpima. Akaweka kibano chini. Akasema stempu za kwanza za Uganda zilipigwa taipu mwaka 1895 pale Mengo, na mmisionari wa CMS aitwaye Ernest Millar, aliyekuwa na taipureta. Herufi U huku, G kule, nambari katikati, basi. Na nambari yenyewe si senti wala peni: ni kauri, zile simbi za baharini ambazo ndizo zilikuwa fedha ya nchi, mia mbili kwa rupia moja. Mwanzoni Millar alizipiga stempu hizo pana; baadaye akazibana, ili karatasi moja itoe nyingi zaidi. Mwaka uliofuata kazi ilihamia kwenye mashine ya chapa ya wamisionari kwa Luba, huku kwetu Busoga, na Millar akapumzisha vidole. Yote haya Mzee aliyasema kwa pumzi moja, kwa hasira, kana kwamba Malkia Victoria ni jamaa yangu na ameharibu kitu dukani. Niliridhika. Alikuwa amefaulu mtihani wangu.

Haukupita muda, kwa akili yangu na kwa bahati, nikaipata stempu hiyo hiyo. Kijana mmoja kwenye stendi ya Tororo alikuwa nayo ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, kauri hamsini, U na G zimesimama mahali pake. Aliniuzia kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya mke wangu. Nilipanda matatu ya kurudi Mbale nikiwa nimeishikilia kifuani, na nilipofika Malukhu sikumsalimu Mzee, kwa kuwa siku hiyo tulikuwa tumelingana.

Mzee hakuishika. Aliisukuma kwa kibano mpaka chini ya balbu. Akaniambia, polepole, kwamba stempu za taipu ndizo rahisi kuliko zote kughushi, kwa sababu kila mwenye taipureta anaweza kujaribu. Kwa hiyo mtu huanza na karatasi. Ile ya Millar ilikuwa nyembamba, ya aina yenye mistari hafifu ndani ya mwili wake, isiyoonekana mpaka uielekeze kwenye mwanga. Niliposikia habari ya mistari nilifurahi mno. "Mzee," nikamwambia, "yangu ina mistari! Tena huhitaji mwanga. Ni ya buluu, na mmoja mwekundu pembeni."

Akaigeuza. Nyuma palikuwa na maneno yaliyokatika nusu, kwa kalamu ya wino: *Toa sababu mbili.*

"Mimi nitatoa tatu," akasema Mzee, na akazitoa.

Bado naamini kwamba suala la stempu ile liko wazi kwa mjadala. Wamisionari si walikuwa na shule?

Niwape mfano mwingine wa ubishi wake. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo sasa tunaliita Nalubaale, bwawa lililoyazamisha maporomoko ya Owen na ya Ripon kwa pamoja. Mwaka huo huo stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zikatoka, na ile ya senti 5 ina picha ya bwawa hilo. Mimi ndiye niliyeambiwa na Mzee, kwa hiyo mimi ndiye ninayewaambia: picha ya katikati na fremu yake vilichapwa kwa awamu mbili, na kuna karatasi iliyoingia mashineni kinyume, bwawa likatokea kichwa chini ndani ya fremu iliyosimama wima. Hizo ni adimu kupindukia. Matajiri wa London wanazigombania.

Nikaenda Jinja. Nikanunua za senti 5 kwa fungu, za kawaida kabisa, kwa bei ya chapati. Nikarudi nyumbani, nikachukua albamu mpya na gundi ya fundi viatu, nikazibandika zote kichwa chini. Albamu nzima. Nilitumia usiku kucha, na nasema bila majivuno kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kumiliki nyingi kiasi hicho.

Mzee alifungua ukurasa wa kwanza. Akaishika albamu kwa ncha za vidole, akaizungusha juu ya meza, taratibu, mpaka Malkia akasimama, na bwawa likasimama naye, na maji yakaanza kuteremka kama yanavyotakiwa. Akaifunga. Akanirudishia. Hakusema neno. Katika taaluma tunaita hali hiyo tofauti ya mtazamo.

Stempu yake ya pauni moja ya Kenya na Uganda, nyeusi na ya machungwa, yenye Mfalme George wa Tano, niliichukua nyumbani kwa uchunguzi. Ilikuwa imelipia kodi ya hati fulani, na karani wa zamani alikuwa ameipiga mstari wa kalamu usoni. Mzee alisema ndiyo maana ni nafuu: isingekuwa na kalamu ingekuwa bei nyingine, na wajanja wengi huziosha. Nikaitia kwenye Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, ili kumrejeshea Mfalme heshima. De La Rue wa London, nilikuja kufahamishwa kwa sauti ya juu, walikuwa wakitumia wino unaochuja kwa makusudi, ili mtu kama mimi ashindwe. Nilishindwa vizuri sana. Karatasi ilibaki nyeupe, safi, yenye meno yote. Mstari wa kalamu ulibaki pia.

Nasikia kikohozi. Nakaribia.

Lipo jambo moja ambalo Mzee hakuwahi kunielewa, na nalileta kwenu mwamue. Babu yangu aliacha bahasha nene iliyokuwa na hati ya kiwanja, imetumwa kutoka Jinja kuja Mbale miaka ya thelathini. Juu yake stempu ya senti 30 ya mwaka 1935: daraja la reli juu ya Nile, lile lile la Jinja lililofunguliwa 1931, na mhuri wa posta ya Jinja umelala nusu juu ya daraja, nusu juu ya bahasha. Tarehe inasomeka. Jina la babu linasomeka. Bahasha imekunjamana, ina doa la chai. Mimi ni mtu nadhifu. Nikachukua mkasi, nikaikata stempu ikatoka peke yake. Pembeni ilikuwa na yale meno meno yasiyo sawa, nikayanyoosha pia. Ikawa mraba, safi, kama imetoka kiwandani leo.

Nilipomwekea mezani, Mzee alikaa chini. Alikuwa na rula ya chuma ya kuhesabia meno ya stempu, maana hata idadi ya meno ina bei yake. Akaiinua, akaona hakuna cha kuhesabu, akairudisha kwenye droo. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake wala sikuusikia tena, "Bahasha iko wapi?"

Nikamwambia imesaidia kuwasha sigiri.

Alikaa kimya mpaka chai yake ikafanya utando. Mteja mwingine akaingia, akatoka bila kuhudumiwa. Naamini alikuwa akistaajabia usafi wa kazi.

Lakini msidhani nilikuwa mwanafunzi tu. Nilimfungulia Mzee dirisha la dunia. Nilimwambia: stempu zimepitwa, watu sasa wako kwenye kadi! Marekani kuna kadi moja ndogo ya Wagner, ilikuwa ikitiwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Moja imeuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25. Mwaka huo huo kadi ya Mickey Mantle ya 1952 imekwenda kwa milioni 12.6. Wagner, kama mnavyojua, ni yule Mjerumani mtunzi wa opera, na...

Nani huyo? Mtoto, sema kwa sauti. Alicheza besiboli Pittsburgh? Mtoto anatumia simu kwenye matanga, na wazazi wake mmekaa.

Basi nikabuni kadi zetu wenyewe: seti ya Wataalamu Mashuhuri wa Kanda ya Mashariki. Kadi ya kwanza, mimi nikitafakari. Ya pili, mimi na mlima Wanale nyuma. Ya tatu, mimi kwa ubavu. Mzee aliinunua moja! Yeye, bahili yule, alitoa shilingi mia tano mfukoni mwake. Akaikata kwa wembe, akaiweka nyuma ya stempu yake ya bei kubwa isije ikajikunja. Ilikuwa kadi ngumu, nzuri. Kwa miaka yote hiyo mgongo wa Malkia umeegemea paji la uso wangu.

Naam, Mwenyekiti, nimekuona umesimama. Binti wa marehemu ameniletea daftari la baba yake la madeni, anataka nisome ukurasa mmoja, ili marehemu azungumze mwenyewe. Wazo la heshima. Naona hapa majina ya wanafunzi, mengi. "Amelipa kwa kufagia." "Amelipa kwa kunisomea magazeti." "Asidaiwe, anajua kushika kibano." Uhasibu mbovu kabisa, mimi ningemsaidia. Na huu ndio ukurasa aliokunja pembe. "Profesa." Neno hilo ameliwekea alama za kunukuu pande zote mbili, kwa heshima. "Pauni moja, nyeusi na ya machungwa, alichukua kutazama. Ameiosha. Hajalipa." Na chini yake: "Akija kunizungumzia, alipe kwanza."

Ndugu zangu, tulieni. Tulieni! Nasema hivi kama Mtaalamu Mkuu: maandishi haya ni ya kughushi. Itazameni karatasi yenyewe. Ina mistari ya buluu, na mmoja mwekundu pembeni.