Sifa za D ya Fizikia

Malenga wa pwani wamesifu majahazi, masultani na mabibi harusi mpaka wakachoka, wala hakuna aliyeikumbuka D ya Fizikia. Naomba deni hilo nililipe mimi wa Mtwara.

Kwanza, haina makuu. Baraza la Mitihani huianzia alama 30 na kuikomesha 44. Mwenye D anaruhusiwa kutojua hata asilimia 70 ya somo, na bado akatembea kifua mbele. Nitajieni mchumba mwenye msamaha wa kiasi hicho.

Lakini thubutu kwenda chuoni bila yake! Stashahada ya uuguzi au ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Tuseme binti wa Msimbati ana B ya Kiswahili, C ya Biolojia, D ya Kemia, C ya Jiografia na A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu. Hiyo A itamfaa kwa Mola wake. Chuo cha afya kina bawabu mwingine.

Ukitaka kuona heshima ya D, simama steshenari siku za maombi ya vyuo. Mama yuko ndani ya kanga mpya, matokeo ya binti yake mkononi. Kijana wa kompyuta anabofya, anabofya tena, anakuna kichwa.

“Mama, mfumo unagoma.”

“Ndiye nani huyo, mwanangu? Nikamwone.”

“Hana Fizikia, mama.”

“Si kasoma sayansi? Biolojia si hiyo hapo?”

Kijana anamgeuzia skrini ajionee mwenyewe maandishi mekundu.

Wabishi huuliza, muuguzi na Fizikia wapi na wapi. Waende wodini Ligula wakatazame dripu: imetundikwa juu ili uvutano wa dunia uishushe dawa mshipani. Hapo sina ubishi. Kinachonistaajabisha ni mpangilio wenyewe. Mtoto huiacha Fizikia akiingia kidato cha tatu, pengine kwa kuwa mwalimu wa somo hayupo, na hakuna anayemnong'oneza kitu. Miaka miwili baadaye anaikuta imemtangulia mlangoni, inadai.

Dada yake Kemia naye ana vituko. Kusini huku mtoto hukua akimwona baba kajifunga kitambaa usoni, anapulizia mikorosho salfa kuzuia ubwiri unga, macho yanamwasha. Salfa hiyohiyo ikija darasani imevaa jina la S, namba 16, wanapishana kama hawajawahi kuonana.

Tena D ina subira. Ukiikosa, unarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, na katika kuisaka unawalisha walimu wa tuisheni na wauza madesa. Ila imejichagulia msimu: mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, korosho nazo zinadondoka. Anayekariri kanuni za Newton haokoti. Mama huinama peke yake, mkorosho hadi mkorosho, na jioni akirudi kiuno kinamuuma humkuta binti kwenye daftari, anamsomea habari za yule Mwingereza na tunda lililoanguka mtini.

“Likaanguka, akalitazama tu?” anauliza mama. “Kwao nani alikuwa anaokota?”