Yadi ya Chini ya Mwembe

Ukitaka kuuza magari Dar es Salaam kihalali, unaanza BRELA kusajili jina, unakwenda TRA kuchukua TIN na makadirio ya kodi, Zimamoto nao wanataka kuona mitungi, ndipo upewe leseni ya biashara. Vyote unavitia fremu na kuvitundika ukutani, maana mkaguzi hapendi kusubiri droo ifunguliwe.

Nje ya geti lako, chini ya mwembe, amesimama dalali mwenye simu mbili. Kiti hana, sembuse leseni. Mteja kabla hajaingia ameshaitwa: “Bosi, njoo tuongee.” Gari analoonyeshwa kwenye picha ni lako, lililomo yadini, ila limeongezwa laki tano. Labda ni za kivuli.