Ukitaka Ruzuku, Anza na Wanachokataa

Mama mwenyekiti, weka kalamu chini kwanza. Najua katibu ameshaandika "Utangulizi" na kuupigia mstari, na mweka hazina ameshagawa fedha ambazo hazijaja. Kabla ya hayo, chukueni waraka wa vigezo wa taasisi mnayoiomba, rukeni salamu za kurasa za mbele, nendeni moja kwa moja penye mambo wasiyoyafadhili. Hapo ndipo taasisi husema ukweli wake.

Katika taasisi nyingi za ruzuku za jamii, orodha hiyo hufanana. Hawampi mtu binafsi. Hawagusi kampeni za siasa, hawalipi madeni ya zamani, hawanunui meza kwenye karamu ya kuchangisha, na hawatoi fedha za kueneza dini. Hili la dini lisiwakatishe tamaa upesi. Jiko la msikiti au la kanisa linalolisha mtoto yeyote anayefika, bila kumuuliza anasali wapi, lina nafasi nzuri ya kupita. Mimbari mpya haina. Basi andikeni habari za jiko.

Kinachowaumiza wachapakazi ni kile kifungu cha gharama zilizokwisha kutumika. Kama choo cha shule mmekijenga Machi na uamuzi unatoka Juni, hakuna atakayewarudishia saruji yenu, hata choo kiwe kizuri namna gani. Nanyi ndio watu msioweza kungoja, kwa sababu watoto wanakihitaji leo. Jengeni kuta kwa nguvu zenu, kisha andiko liombe bati na tangi la maji, vitu ambavyo bado hamjanunua.

Halafu tazameni ramani. Cleveland Foundation ya jimbo la Ohio, Marekani, taasisi ya kwanza ya jamii duniani, ilianzishwa mwaka 1914 na inahudumia wilaya tatu: Cuyahoga, Lake na Geauga. Mji wa Akron hauko mbali, lakini uko wilaya ya Summit, nao una taasisi yake. Mpaka huo una haki yake, maana fedha zilitolewa na watu wa mahali kwa ajili ya mahali pao. Kwa hiyo ikiwa sanduku lenu la posta liko Moshi na kazi yenu iko Rombo, Rombo itajwe tangu sentensi ya kwanza.

Sasa karatasi, na hapa tukae kidogo.

Tanzania, watu kumi wenye nia moja wanaweza kuwa na vyeti vya namna mbalimbali. Kuna kikundi kilichoandikishwa halmashauri. Kuna jumuiya iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya. Kuna shirika lililo chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na kuna kikundi cha kuweka na kukopa kinachosimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Vyote ni halali, lakini waraka wa vigezo unaweza kutaja kimoja tu. Pigeni simu muulize kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza. Mkishajua, wekeni cheti, katiba na taarifa ya benki mezani kwa pamoja, msome jina herufi kwa herufi. Cheti kikisema "Kikundi cha Akina Mama" na benki ikasema "Umoja wa Akina Mama", kwa mtu wa ofisini ninyi ni vikundi viwili, na hakuna hata kimoja kilichokamilika.

Marekani nako kuna karatasi inayofunga milango: hadhi ya kodi ya shirika la hisani, ya kifungu cha 501(c)(3). Taasisi ikimpa mpokeaji mwenye hadhi hiyo, kazi yake kisheria ni nyepesi. Ikimpa asiye nayo, lazima yenyewe ihakikishe na kuthibitisha kwamba fedha zimefanya kazi ya hisani. Ndiyo maana wengi huandika "501(c)(3) pekee" na kumaliza shughuli. Sheria haijawakataza kuwapa wengine. Wamechagua njia yenye kazi kidogo.

Kwetu njia hiyo huitwa "hesabu zilizokaguliwa za miaka 3". Kikundi kinachoomba shilingi milioni 3 kikimlipa mkaguzi kwa miaka yote hiyo, ni kiasi gani kitafika kwa watoto? Nasema wazi kwamba kigezo hiki, kwa ruzuku ndogo, ni kosa. Wanawake wanaokutana kila wiki, wakahesabu fedha mbele ya wote, wakafunga sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake wanazishika watu watatu tofauti, wanakaguliwa kila wiki na wenye mali wenyewe. Pigeni picha kurasa za daftari la hesabu hizo, mziambatanishe hata kama hazikuombwa. Afisa mwenye macho ataelewa anachokiona.

Kama mlango bado umefungwa, tafuteni taasisi mlezi, yaani shirika lililosajiliwa litakalopokea fedha kwa niaba yenu. Mkataba uwe wa maandishi. Useme mlezi anachukua asilimia ngapi, fedha zinawafikia ndani ya siku ngapi, na nani anamiliki vifaa, kama cherehani, mradi ukiisha. Mlezi anayekasirika akiulizwa hayo, muageni kwa heshima.

Kwenye bajeti, msione haya kumlipa mtunza hesabu. Vikundi vingi huficha gharama za uendeshaji kwa kuogopa kuonekana walafi, kisha ripoti inachelewa kwa sababu hakuna wa kuiandika, na mwaka unaofuata wanaambiwa hawastahili.

Nanyi mnaoketi upande wa pili wa meza, nina neno lenu. Frederick Goff, aliyeanzisha ile taasisi ya Cleveland, alikuwa mtu wa benki. Alikuwa amechoka kuona mali za wasia zimefungwa na masharti ya watu waliokwisha kufariki, mahitaji yenyewe yakiwa yamebadilika zamani. Alitaka kamati ya wakazi walio hai iwe na uwezo wa kuielekeza fedha panapohitajika. Taasisi ya jamii ilizaliwa ili kulegeza masharti yaliyopitwa na wakati. Basi kigezo kinachowafungia nje wale wanaolisha, kufundisha na kuuguza mtaani kwenu, kipitieni upya kila mwaka. Ruzuku ndogo iombe karatasi chache. Na neno "hamstahili" liwafikie watu mapema, kwa simu ya dakika tano, kabla hawajalala wiki mbili juu ya andiko.

Mama mwenyekiti, mkikataliwa, andikeni barua fupi kuuliza ni kigezo kipi hasa kimewaangusha. Jibu lisipotaja kifungu, nakala ipelekwe kwa wajumbe wa bodi. Taasisi ya jamii ina wajumbe wanaoishi humohumo, na baadhi yao watoto wao wanasoma shule ile mliyoijengea choo.