Sifa za Logi Isiyokatwa

Wengine na wausifu Mlima Kenya. Mimi niliyefungiwa chumba cha seva hapa Nyeri naisifu logi ya terminali: faili moja refu, lisilo na aya wala haya, ambalo nimeagizwa nilikate tukio kwa tukio.

Sifa yake kuu ni ukweli. Katibu wa chama kule Karatina huandika "baada ya majadiliano marefu, ilikubaliwa", na matusi yote yakafukiwa hapo. Programu ya script inayoiandika logi hii, iliyoingia katika Unix ya Berkeley mwaka 1979, haina adabu hiyo. Fundi akikosea herufi akaifuta, yenyewe huhifadhi herufi, kisha huhifadhi na kule kufuta. Maandishi yaliyong'aa mekundu kwenye skrini humo ndani ni [31m. Faili likipakuliwa kutoka asilimia 1 hadi 100, kila hatua imo, zote zimejipanga kwenye mstari mmoja kama zinangoja kupiga kura. Nyeri nzima nionyesheni karani mwaminifu kiasi hicho!

Tena hunoa macho. Amri kwa kawaida huanza penye alama ya dola, lakini dola nyingine zimejificha ndani ya majibu. Kata penye kila dola uone tukio moja likizaa matano. Saa? Huandikwa ya kuanza na ya kumaliza. Katikati ni kimya, usipoiomba mapema irekodi muda. Nayo seva yetu hufuata UTC. Ikisema 06:00, Nyeri ni saa tatu asubuhi. Mkaguzi alisoma "saa sita" akaenda kumhoji aliyekuwa zamu ya mchana.

Haya, nimekata. Nimesafisha takataka, nimelipata tukio lenyewe: jedwali la malipo limefutwa. Bosi anauliza, nani? Logi inajibu: root. Na root, akaunti kuu ya seva, ni fundi wa mkataba, ni mhasibu, ni mwanafunzi wa atachi, ni mimi! Hapo nikate wapi, jamani? Cheti cha usajili chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kimetundikwa ukutani kwa fremu nzuri. Nenosiri la root limebandikwa chini yake, kwa kalamu nyekundu. Tuliomba kila mtu apewe akaunti yake. Tukajibiwa kwamba bajeti ya mwaka huu hairuhusu.

Amri ya kufungua akaunti ni useradd. Hailipiwi hata shilingi.