Salmoni ya dakika kumi na tano

Wamama wa Mapendo, mpishi wa kwenye simu amesema chakula cha jioni ni dakika kumi na tano tu. Chukua salmoni, ikaange, imwagie soya, sukari na tangawizi hadi ing'ae kama kiatu cha mheshimiwa siku ya kampeni. Eti ndiyo Kijapani. Na Wajapani wenyewe walibembelezwa na Wanorwei kula salmoni ya sushi miaka ya 1980!

Dakika kumi na tano za kwetu, mbabula bado inapepewa kwa kifuniko cha sufuria, makala yanatoa moshi tu, na mtoto aliyetumwa maji na bidoni hajarudi.

Salmoni hupenda maji baridi, ziwa Kivu halimjui. Kivu ina samaki aitwaye sambaza, naye pia ni mgeni: aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazoea bila kung'arishwa na mtu. Anakaangwa mzima, kichwa na miiba, ndimu na pilipili juu, bugali pembeni.

Mwenye salmoni atualike. Bugali tutakuja nayo wenyewe, maana kipande kile hakimfikii mtu wa tatu.